Mizani ya Haki: Uhakiki wa Desturi ya Kupanga Shule na Wilaya kwa Orodha

Mkulima wa pamba wa Bariadi hahitaji semina ili aelewe maana ya mizani. Babu yake aliielewa kwa machungu. Siku za ukoloni mkulima wa Usukuma alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi. Mnunuzi akapima, akasoma, akaandika, akalipa. Mkulima alibaki na neno la mnunuzi tu. Hila za mizani ile ni moja ya sababu zilizowafanya wakulima wa Kanda ya Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, waungane, waweke watu wao wa kusimamia upimaji, na hatimaye wajenge vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 vilikusanyika katika shirikisho la Victoria, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani. Ushirika ule haukuanza kwa nadharia. Ulianza kwa swali: nani ameshika mizani, na je, imewekwa sawa?

Tunalikumbusha swali hilo kwa sababu leo iko mizani nyingine inayotumika kila mahali katika nchi yetu, nayo haiulizwi. Mizani hiyo ni takwimu. Shule inapimwa kwa takwimu, mwalimu anapimwa kwa takwimu, wilaya na mkoa vile vile. Hatupingi kupima. Chama kinachotaka kupanga maendeleo bila ya kupima ni sawa na mtu anayelima usiku. Tunachohakiki hapa ni desturi moja iliyoota mizizi katika ofisi na katika vikao vyetu wenyewe: desturi ya kuchukua tarakimu za watu mbalimbali, kuzipanga kuanzia juu hadi chini, na kuiita orodha hiyo ukweli.

ORODHA UKUTANI

Wengi wetu tumekaa katika vikao vya namna hii. Orodha ya shule inabandikwa ukutani. Inaanza na ya kwanza, inakwisha na ya mwisho. Mwalimu mkuu wa shule ya kwanza anapigiwa makofi. Mwalimu mkuu wa shule ya mwisho anasimamishwa mbele ya watu na kuulizwa anafanya kazi gani. Anajaribu kueleza kwamba walimu wake ni wachache, kwamba watoto wengi huingia darasa la kwanza wakijua Kisukuma tu, na kwamba msimu wa kuchuma pamba madawati huwa matupu. Anaambiwa aache visingizio: mbona wenzake wameweza? Watu wanacheka. Mwalimu anakaa.

Sisi tunasema kwamba maneno hayo, "mbona wenzake wameweza", ndiyo maneno mazito kuliko yote katika kikao kile, na ndiyo ambayo hakuna aliyeyachunguza. Wenzake ni akina nani? Nani aliamua kwamba hao ni wenzake? Walianzia wapi, na walipewa nini? Swali hili la "wenzake" ndilo kiini cha makala hii. Anayelijibu vibaya atakosea hata kama hesabu yake ya kujumlisha na kugawanya ni sahihi kabisa.

Desturi hii si ya kijiji kimoja. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lilipotoa matokeo lilitangaza shule kumi bora na shule kumi za mwisho. Mwaka 2013 Serikali, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ilikwenda mbali zaidi: ilianza kutangaza rasmi nafasi ya kila shule kitaifa na ndani ya wilaya yake, na kuzigawa shule kwa rangi, kijani kwa zilizofanya vizuri, njano kwa za kati, nyekundu kwa zilizoshindwa. Nia ilikuwa njema. Wazazi na umma walikuwa na haki ya kujua. Lakini nia njema haisawazishi mizani iliyopinda.

JINA MOJA, VITU VIWILI

Tuanze na kosa lililo rahisi kuonekana, kisha tuendelee na yale yanayojificha. Kosa la kwanza ni kulinganisha majina badala ya kulinganisha vitu.

Katika sensa ya mwaka 2002 Wilaya ya Bariadi ilikuwa na watu zaidi ya 600,000. Katika sensa ya mwaka 2012 Wilaya ya Bariadi ilihesabiwa kuwa na watu 422,916. Mtu aliyeketi mbali, mwenye majedwali mawili mbele yake, angeweza kuandika kwa kujiamini kwamba Bariadi imekimbiwa na watu. Pengine angetafuta na sababu, akaitaja njaa au uhamaji wa wafugaji. Kumbe hakuna aliyekimbia. Itilima ilikuwa imekatwa kutoka Bariadi ikawa wilaya yake, nayo ilihesabiwa kuwa na watu 313,900. Ukizirudisha pamoja unapata watu 736,816 katika ardhi ile ile ya zamani. Wilaya iliyodhaniwa kupungua ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya watu laki moja.

Hali kadhalika mkoa. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga. Busega ilitoka katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Kwa hiyo mtafiti atakayechukua pamba ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya 2012 na kuilinganisha na pamba ya Mkoa wa Shinyanga baada yake, atatangaza kwamba wakulima wa Shinyanga wamelitupa jembe. Hawakulitupa. Sehemu kubwa ya mashamba ya pamba ilibadilishiwa jina.

Mtu anaweza kusema kwamba kosa la namna hii linafanywa na wavivu tu. Sivyo. Linafanywa kila mara tunaposahau kwamba jedwali halituambii kilichotokea kabla halijachapwa. Na linatufundisha kanuni ya kwanza: kabla ya kulinganisha viwili, hakikisha kwamba kila kimoja ni kile kile ulichokipima mwanzo.

KIPIMO KINAPOBADILIKA

Kosa la pili ni kulinganisha vitu vilivyopimwa kwa vipimo viwili. Hapa mfano wetu ni mkubwa, na taifa zima linaukumbuka.

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yalipotangazwa mapema mwaka 2013, nchi ilishtuka. Waliofaulu walikuwa asilimia 34 hivi. Wengine wote walipata sifuri. Magazeti yaliandika kwamba kizazi kizima kimeangamia. Waziri Mkuu aliunda tume. Mwezi Mei 2013 matokeo yale yalifutwa, alama zikapangwa upya, na waliofaulu wakawa asilimia 43 hivi. Watoto walikuwa wale wale, majibu yao yalikuwa yale yale, karatasi zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni utaratibu wa kugeuza alama kuwa madaraja: mwaka 2012 ulikuwa umetumika utaratibu mpya, tofauti na uliotumika kwa watoto wa miaka iliyotangulia.

Hatusemi kwamba elimu ilikuwa nzuri. Haikuwa nzuri kabla ya kupangwa upya, na haikuwa nzuri baadaye. Tunasema kwamba wale waliosimama majukwaani kulinganisha 2011 na 2012, ili kuonyesha nani wa kulaumiwa kwa anguko la mwaka mmoja, walikuwa wakilinganisha kilo na ratili. Na mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2013 madaraja ya alama yalibadilishwa tena. Mwaka 2014 matokeo yalitolewa kwa wastani wa pointi badala ya divisheni. Matokeo ya mwaka 2015 yakarudi kwenye divisheni. Katika miaka minne kipimo kiligeuzwa mara baada ya mara, na bado katika kila wilaya alikuwako ofisa mwenye mchoro wa mstari unaopanda au kushuka kupita miaka hiyo yote, kana kwamba rula ilikuwa moja.

Tena kuna mabadiliko ambayo si ya rula bali ya wanaopimwa. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa kuanzia shule za msingi hadi kidato cha nne. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani au machungani kwa kukosa ada waliingia darasani. Shule iliyopokea watoto hao inaweza kuona asilimia yake ya ufaulu ikishuka, hali ya kuwa imefanya kile ambacho Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilidai, yaani kuwafikishia elimu watoto wote. Jirani yake aliyewazuia mlangoni kwa michango ya hila atabaki na asilimia nzuri. Orodha itampigia makofi nani?

WALIANZIA WAPI?

Sasa tunafika kwenye kosa la tatu, ambalo ndilo kubwa. Ni kulinganisha mwisho wa watu bila ya kutazama mwanzo wao.

Shule zinazoshika nafasi za juu katika mitihani ya taifa kwa sehemu kubwa ni za namna mbili. Ziko shule binafsi na seminari zinazofanya usaili, zinazochagua watoto waliokwisha kufaulu na wenye wazazi wa kulipa. Ziko pia shule chache za Serikali zinazopokea watoto wenye vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe. Hatuzionei wivu. Walimu wake wanafanya kazi. Lakini shule inayochuja watoto mlangoni haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na shule ya kata huko Nkololo au Dutwa, ambayo kazi yake ni kumpokea kila mtoto aliyepangiwa. Ya kwanza inaonyesha tangu mwanzo imechagua nani. Ya pili inaonyesha, kwa kiasi fulani, imefanya nini. Orodha inachanganya mambo hayo mawili katika safu moja ya tarakimu.

Wala si shule tu. Mikoa nayo haikuanzia mahali pamoja. Ukoloni haukugawa shule kwa usawa. Misheni nyingi na mapema zilikwenda Kilimanjaro na Bukoba. Usukuma ilitazamwa zaidi kama nchi ya pamba, ng'ombe na nguvukazi. Mtoto wa leo wa Meatu hakuuchagua mgawo ule, lakini anaubeba. Akilinganishwa na mtoto ambaye baba na babu yake walisoma, tunachokipima ni kizazi cha tatu dhidi ya kizazi cha kwanza.

Na hata ndani ya Simiyu tusijidanganye kwamba sote tuko sawa. Busega iko kando ya ziwa na juu ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Meatu ni kavu, na vijiji vyake vimetawanyika kuelekea mbuga. Mji wa Bariadi una ofisi, umeme na watumishi wenye vitabu nyumbani. Kijiji cha mpakani kina mtoto anayerudi shuleni baada ya kuchunga. Anayesema "wastani wa Simiyu" amemfunika mtoto huyo kwa blanketi la wastani.

Chama chetu kiliwahi kulijua jambo hili na kulifanyia kazi. Katika miaka ya 1970 nafasi za sekondari zilianza kugawanywa kwa mgao wa mikoa na wilaya. Maana yake ilikuwa kwamba mtoto wa wilaya iliyoachwa nyuma alishindana na watoto wa wilaya yake, siyo na watoto wa shule za mjini. Huo ulikuwa mlinganisho wa haki kuliko orodha ya taifa. Lakini nao ulikuwa na tundu lake: ndani ya wilaya moja mtoto wa ofisa na mtoto wa mchungaji wa ng'ombe walihesabiwa kuwa wenzao. Mipaka ya utawala si mipaka ya tabaka. Kwa hiyo kila mara inabidi tuulize tena: wenzake ni akina nani?

PAMBA NA MCHANGA

Kosa la nne linatokana na matatu ya kwanza. Anayepimwa kwa mizani isiyo ya haki hujifunza kuidanganya mizani.

Mkulima analijua hili pia. Mnunuzi alipoiba kwenye mizani, wakulima wengine nao walimwagia pamba maji au kutia mchanga ili uzito uongezeke. Hatuwasifu, pamba chafu iliwaumiza wakulima wote sokoni. Lakini tunaona jinsi udhalimu wa upande mmoja unavyozaa hila ya upande wa pili.

Ndivyo ilivyokuwa katika shule. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza matokeo ya shule zote za msingi nchini kuanzia mwaka 2011 hadi 2016, ili kujua orodha za Matokeo Makubwa Sasa zilifanya nini. Kazi yao ilitoka mwaka 2021. Tunaisifu kwanza kwa namna walivyolinganisha. Hawakuuliza tu kama alama zilipanda baada ya 2013, maana mambo mengi yalibadilika mwaka ule. Walitumia ukweli kwamba shule mbili zenye alama zinazokaribiana zinaweza kuwa katika wilaya mbili tofauti: katika wilaya dhaifu shule hiyo ni ya kati, katika wilaya yenye nguvu ni ya mwisho. Alama zinakaribiana, shinikizo ni tofauti. Hao ndio wenzake wa kweli.

Waliona nini? Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao ziliinua ufaulu. Hilo ni jambo la kweli na hatutalificha, ingawa halipendezi kwa hoja yetu. Lakini waliona pia kwamba shule zilianza kuwaondoa baadhi ya wanafunzi wasifike kwenye darasa la mtihani. Mtoto dhaifu alipunguzwa ili asilimia iongezeke. Huo ndio mchanga katika pamba. Tofauti ni kwamba mchanga hauna mama, na mtoto aliyeondolewa darasa la saba anaye, na wote wawili wako kijijini.

Basi kila anayesoma asilimia aulize: asilimia ya nani? Ya walioandikishwa darasa la kwanza, au ya waliobaki? Shule iliyofaulisha 40 kati ya 40, lakini iliandikisha 90, haijaishinda shule iliyofaulisha 50 kati ya 80, nayo iliandikisha 90.

MLINGANISHO WA HAKI UNAWEZEKANA

Wako watakaosema: kama kila mtu ni tofauti na mwenzake, basi hakuna kinacholinganishwa, tuache. Huo ni uvivu uliovaa joho la hekima. Mlinganisho wa haki unawezekana, na mfano wake mmoja mashuhuri duniani ulifanyika hapa jirani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Mkoa wa Mwanza, watafiti walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida kunapunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI. Walichagua jamii 12 na kuzipanga kwa jozi 6. Kila jozi iliunganisha watu wanaofanana kwa mahali na maisha: wa barabarani kwa wa barabarani, wa ziwani kwa wa ziwani, wa mashambani kwa wa mashambani. Kisha, kwa bahati nasibu na siyo kwa kupendelea, jamii moja ya kila jozi ilianza kupata huduma iliyoboreshwa, na ya pili ikaipata baadaye. Baada ya miaka miwili, kati ya kila watu 1,000 waliokuwa hawana virusi, 12 hivi waliambukizwa katika jamii zilizohudumiwa, na 19 hivi katika zile nyingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, nchi nyingi zikajifunza.

Tazama umuhimu wa ile jozi. Kama wangetazama jamii zilizohudumiwa peke yake, wangeona watu wanaendelea kuambukizwa, na wangetangaza kwamba huduma imeshindwa. Kama wangehudumia kijiji cha mashambani na kukilinganisha na kituo cha malori barabarani, wangetangaza ushindi wa uongo. Ukweli ulipatikana kwa sababu walijibu kwanza swali la "wenzake".

Miaka michache baadaye, huko Rakai nchini Uganda, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1999 uliwatibu watu wote kwa pamoja kila baada ya miezi kadhaa, na haukuona maambukizo yakipungua. Wasomaji wa haraka walisema Mwanza imekanushwa. Wataalamu waliotulia walionyesha kwamba huduma hazikuwa za namna moja, na kwamba janga la Rakai lilikuwa la muda mrefu zaidi na limekomaa zaidi kuliko la Mwanza. Hata tafiti mbili, kama watu wawili, haziwekwi bega kwa bega bila ya kuuliza kila moja ilisimama wapi.

Tuurudishe ukali huo nyumbani. Simiyu katika miaka iliyofuata 2016 ilijulikana kwa kambi za kitaaluma, ambamo wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa wakafundishwa kwa pamoja na walimu bora wa mkoa. Kambi zilisifiwa kwa kupandisha ufaulu. Sisi tunaamini kwamba walimu wale walijituma, na wazazi waliochanga chakula walijituma. Lakini kusema kwamba ufaulu ulipanda baada ya kambi si sawa na kusema kwamba ulipanda kwa ajili ya kambi. Inabidi tujue katika miaka hiyo hiyo ufaulu ulikwendaje katika mikoa iliyofanana nasi isiyokuwa na kambi. Inabidi tujue madarasa ya chini yalifundishwa na nani wakati walimu wake bora wako kambini. Anayeuliza hivi si adui wa mkoa. Ni rafiki wa mkoa anayetaka jasho la wazazi liende mahali panapolipa.

HATUTETEI UZEMBE

Tunajua hoja itakayotolewa dhidi yetu, na ni hoja nzito. Itasemwa kwamba tunawapa wazembe maficho. Kwamba kila mwalimu mlevi na kila ofisa elimu mtoro atasema "mazingira yetu ni magumu" na kukwepa.

Tunajibu hivi. Orodha ya sasa ndiyo inayowaficha wazembe. Mwalimu mzembe katika shule inayochagua watoto wenye akili hatajulikana kamwe. Watoto wake watafaulu bila yake. Mwalimu shujaa katika shule ya wilaya kavu, aliyepokea watoto wasiojua kusoma na kuwafikisha katikati, hatajulikana pia; orodha itamwita wa mwisho. Mlinganisho wa haki unamtoa mafichoni wa kwanza na kumtoa aibuni wa pili. Aogopaye mlinganisho wa haki ni yule anayenufaika na usio wa haki.

Ndiyo maana hatukuridhika kabisa na hatua iliyochukuliwa mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule na watahiniwa bora, likieleza kwamba jambo hilo halina tija na kwamba watahiniwa hawasomi katika mazingira yanayolingana. Sababu ilikuwa sahihi, na tuliipokea kwa furaha. Lakini kuivunja mizani mbovu si sawa na kutengeneza iliyo nzima. Matokeo ya kila shule bado yanaonekana, na kila mwenye nia ya kuuza shule yake anajipangia orodha mwenyewe. Vikao vyetu navyo vimeendelea kupanga. Pengo lililoachwa wazi linajazwa na walewale wenye sauti kubwa.

Wala tusidhani kwamba dawa ni hesabu ngumu. Mwaka 2015 na 2016, katika shule 180 za wilaya 10 nchini, lilifanyika jaribio la kuwalipa walimu bakshishi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilimlinganisha kila mwanafunzi na wanafunzi wengine walioanza naye katika kiwang'o kimoja. Kwa maandishi hiyo ndiyo ya haki zaidi. Njia ya pili ilihesabu tu stadi ambazo mtoto ameziweza, kwa ngazi, kuanzia zilizo rahisi. Njia zote mbili zilisaidia, lakini ile ya ngazi, iliyo rahisi kueleweka, haikushindwa na ile ya kwanza. Somo lake ni kwamba haki ya mlinganisho haitoshi kukaa kichwani mwa mtaalamu. Anayepimwa ni lazima aione na aielewe, kama mkulima anavyotaka kuuona mshale wa mizani kwa macho yake.

KAZI YETU

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwadharau watu. Kumsimamisha mwalimu na kumcheka kwa tarakimu zisizochunguzwa ni dharau ya aina hiyo hiyo, tena mbaya zaidi kwa sababu imevaa nguo ya sayansi. Imani ya Chama kwamba binadamu wote ni sawa haina maana kwamba wote wamepewa sawa. Maana yake ni kwamba kila mmoja anastahili kupimwa kwa haki.

Kwa hiyo tunawataka makada, kuanzia tawi hadi mkoa, wasiipokee orodha yoyote bila ya kuuliza maswali manne:

(a) Je, hiki kinacholinganishwa ni kitu kile kile, au ni jina tu lililobaki?

(b) Je, rula iliyotumika mwanzo ndiyo iliyotumika mwisho?

(c) Je, hawa wanaowekwa pamoja walianzia mahali pamoja na kupewa vitu vinavyolingana? Kama sivyo, kila mmoja amepiga hatua ngapi kutoka alipokuwa?

(d) Je, ni nani hakuhesabiwa, na yuko wapi?

Maswali haya hayahitaji shahada. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuyauliza, na mzazi anaweza kuyauliza katika mkutano wa shule. Ofisa atakayeudhika kwa kuulizwa atakuwa amejibu.

Wakulima wa pamba hawakungoja wenye mizani waone aibu. Waliweka mtu wao pembeni ya mizani, wakamwambia asome kwa sauti. Siku orodha itakapobandikwa tena ukutani, na ofisa akamwuliza mwalimu wa shule ya mwisho mbona wenzake wameweza, tunataka awepo katika kikao kile mwanachama mmoja atakayenyoosha mkono kabla watu hawajacheka, na kuuliza: Ndugu, wenzake ni akina nani?